Si Mwili Uliozoea Dawa

Kila baridi ya Juni na Julai inapoushukia mji wa Nyeri, ukungu ukalala juu ya mabati hadi saa nne asubuhi, watoto wa mtaa wa Majengo huanza kukohoa. Mama humvika mwanawe sweta mbili, akampakata hadi kwenye duka la dawa lililo karibu, na mazungumzo yanayofuata hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Muuzaji huitwa daktari, awe daktari asiwe. “Daktari, hii ya juzi haikumsaidia. Mwili wake umeshaizoea. Nipe iliyo kali zaidi.” Muuzaji hugeuka, akanyoosha mkono rafuni, na kuteremsha chupa nyingine ya unga wa kukorogwa kwa maji yaliyochemshwa. Kwa mujibu wa sheria za Kenya dawa hiyo haiuzwi bila cheti cha daktari. Sheria hiyo, hata hivyo, haina duka mtaani.

Makala haya yanashughulikia sentensi moja tu kati ya hizo zilizosemwa dukani: “Mwili wake umeshaizoea.” Ni sentensi fupi, sahihi kisarufi, yenye kiima, kiarifu na kiambishi cha mtendwa kilichokaa mahali pake. Inasemwa Majengo ya Nyeri, ya Nanyuki na ya Meru, na inasemwa Pumwani na Mombasa vilevile. Wanaoitamka si wajinga. Baadhi yao wana shahada. Ila ni sentensi isiyo kweli, na uongo wake umejificha kwenye kiima. Mwili hauzoei antibiotiki. Antibiotiki haiuendei mwili. Inawaendea bakteria walio ndani ya mwili. Anayeweza kubadilika hata dawa isimdhuru ni bakteria. Aidha, katika kisa cha mtoto wa Majengo yamkini hata bakteria hayumo, kwa sababu kikohozi na mafua ya watoto aghalabu huletwa na virusi, na virusi havijali antibiotiki, iwe kali iwe pole. Dawa ya juzi haikushindwa kwa kuwa ilizoewa. Ilishindwa kwa kuwa haikuwa na kazi pale.

Je, tofauti ya kiima ina uzito gani hata ijadiliwe katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Ina uzito mkubwa. Iwapo aliyezoea ni mwili, basi usugu ni jambo la mtu binafsi: mwili wangu, shida yangu. Anayetaka kuepuka shida hiyo atabadilisha dawa, kama mtu anavyobadilisha sabuni iliyomchosha. Lakini iwapo aliyebadilika ni bakteria, basi usugu una miguu. Unaweza kutoka kwa mtoto huyu hadi kwa yule aliyelala kitanda cha pili, ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja tangu azaliwe. Sentensi ya kwanza humfanya mama atafute dawa kali. Ya pili humfanya aulize kuhusu maji, sabuni na mikono.

Lawama zote zisiangushiwe mtaa, maana neno lenyewe waliloteua wataalamu lina mchango wake katika mkanganyiko huu. Sugu, katika maana yake ya asili, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa: sugu ya mshika jembe kiganjani, sugu ya msujudu kwenye paji la uso. Sugu huota mwilini. Inaota polepole, kwa mazoea, palepale panapoguswa mara kwa mara. Msemaji yeyote wa Kiswahili asikiapo “usugu wa dawa” hukimbilia picha hiyo, na ni haki yake kufanya hivyo, kwa sababu ndiyo picha iliyomo katika neno. Tena lugha imekwisha kulitwika neno hilo mzigo mwingine. “Ugonjwa sugu” ni maradhi yasiyokwisha, kama kisukari na shinikizo la damu. “Mhalifu sugu” ni aliyeshindikana. Zahanati ikibandika tangazo juu ya “magonjwa sugu” na pembeni jingine juu ya “usugu wa dawa”, msomaji ana kila sababu ya kudhani ni jambo moja. Maneno “usugu wa dawa” nayo, yakichambuliwa kwa kihusishi chake tu, huweza kueleweka kwamba dawa ndiyo iliyo sugu.

Ili kuona ni nini hasa neno hilo linakosa kukibeba, hapana budi kueleza jambo lenyewe, na kulieleza kwa Kiswahili.

Bakteria huongezeka kwa kujigawa. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Katika mazingira mazuri baadhi yao hufanya hivyo kila baada ya dakika ishirini hivi. Katika kunakili jeni zao hutokea makosa, na kosa moja kati ya mengi linaweza kumpa mwenye nalo kinga dhidi ya dawa fulani. Dawa ikija, wenzake hufa, yeye hubaki na kuzaa. Huu ni urithi wa wima: kutoka kwa mzazi kushuka kwa mtoto. Ndivyo kifua kikuu kinavyokuwa sugu, na ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa kadhaa kwa pamoja na kutakiwa kuzimeza miezi mingi bila kukosa. Laiti njia ingekuwa hiyo peke yake, tatizo lingekwenda kwa mwendo wa ukoo.

Lakini ipo njia ya pili, na ndiyo inayozitisha hospitali. Bakteria wengi wana, pamoja na jeni zao kuu, vipete vidogo vya jeni vinavyoitwa plasmidi. Jina hilo lilitolewa na Joshua Lederberg wa Marekani mwaka 1952. Plasmidi hujinakili yenyewe, na inaweza kuhama. Bakteria mwenye nayo hutoa kijimrija, akamgusa jirani, wakashikamana, na nakala ya plasmidi ikavuka. Jirani si lazima awe mtoto wake, wala wa ukoo wake, wala wa aina yake. Bakteria wa kawaida wa utumbo, asiyemdhuru mtu, anaweza kumpa jeni bakteria mwingine anayeua.

Wazee wa mitaa ya Waswahili wanakumbuka desturi ya kuomba moto. Asubuhi moto ukikuta umezimika, mtoto hutumwa nyumba ya pili na kigae mkononi, akarudi na kaa moja. Kuomba moto ni tofauti na kuomba chumvi. Aliyetoa chumvi hupungukiwa. Aliyetoa moto hapungukiwi na kitu, na sasa majiko mawili yanawaka. Plasmidi ni moto, si chumvi. Anayeitoa hubaki nayo, na anayeipokea huweza kumpa wa tatu jioni hiyohiyo. Ukuta kwa ukuta, kama nyumba za Majengo zilivyopangana, ndivyo bakteria wanavyoishi katika utumbo wa binadamu, na sehemu kubwa ya kuombana huko hufanyika humo.

Zipo njia nyingine mbili, ambazo zitatajwa kwa ufupi. Bakteria wengine huokota vipande vya jeni vilivyoachwa na wenzao waliokufa na kupasuka. Frederick Griffith aliliona hilo London mwaka 1928, alipochanganya bakteria wa nimonia waliokufa na wengine hai wasio na madhara, akawadunga panya, na panya wakafa. Mwaka huohuo, mji huohuo, Alexander Fleming aligundua kuvu iliyotoa penisilini; dawa na mojawapo ya njia za kuishinda zilionekana karibu pamoja. Njia ya tatu ni virusi wanaoshambulia bakteria, ambao hubeba kipande cha jeni za huyu na kukitia kwa yule bila kukusudia. Fauka ya hayo, ndani ya bakteria mmoja jeni zenyewe huweza kuruka kutoka mahali hadi mahali, zikatoka kwenye jeni kuu na kupanda plasmidi kama abiria anayedandia matatu. Jeni zirukazo zilielezwa kwanza na Barbara McClintock kutokana na punje za mahindi za rangi mchanganyiko, na akatuzwa Nobel mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81. Kwa hiyo plasmidi moja inaweza kukusanya abiria wengi: jeni ya kuishinda ampisilini, ya tetrasaiklini, ya salfa, zote ndani ya gari moja.

Hapo ndipo yalipo mafunzo ya Japani, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kuyajua kwa sababu mbili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Japani ilisumbuliwa na kuhara damu. Katika miaka ya 1950 madaktari wakaona bakteria wa ugonjwa huo wanaoshinda dawa nne kwa mpigo, hata kwa wagonjwa waliopewa moja tu kati ya hizo nne. Kosa la kunakili jeni haliwezi kutokea mara nne kwa pamoja kirahisi hivyo. Mwaka 1959 Akiba na Ochiai, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba ukichanganya bakteria wa utumbo walio sugu na wale wa kuhara damu wasio sugu, usugu wote unahama mara moja. Sababu ya kwanza ya kuyajua haya ni ya kitabibu: ukitumia dawa moja ovyo, unakuza gari zima na abiria wake wote. Sababu ya pili ni ya kilugha. Matokeo hayo yalitolewa kwa Kijapani. Wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakuyajua kwa upana hadi Tsutomu Watanabe alipoyaandikia tahakiki kwa Kiingereza mwaka 1963. Wanaosema kwamba sayansi haiwezekani nje ya Kiingereza wangefaa kuulizwa ni nani, katika miaka hiyo, aliyekuwa nyuma.

Kwa nini hospitali? Kwa sababu hospitali hukusanya pamoja vitu vitatu ambavyo mtaani hutawanyika: wagonjwa dhaifu, dawa nyingi, na mikono inayotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za umma nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa waliolazwa wakiwa wanatumia antibiotiki. Katika mazingira hayo bakteria asiye na plasmidi hufa, na mwenye nayo hupata nafasi, chakula na majirani wapya. Hukaa kwenye vyuma vya vitanda, kwenye mipira ya kutolea mkojo, na hasa kwenye mabomba ya sinki, mahali penye unyevu ambapo aina nyingi hukutana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana hata bakteria wake mwenyewe wa kutosha. Wa kwanza kuingia utumboni mwake huweza kuwa wale wa wodi. Klebsiella, ambaye ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wachanga katika hospitali za Afrika, ni mmoja wa wakusanyaji hodari wa plasmidi.

Ushahidi wa Kenya haukosekani, na umeanza zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 homa ya matumbo iliyo sugu kwa dawa nyingi imesumbua Nairobi. Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2010, walionyesha kwamba ukoo mmoja wa bakteria hao ulikuwa umetawala, ukoo uleule ulioenea Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba usugu wake ulibebwa na plasmidi. Huko Kilifi hali ilikuwa kinyume. Uchunguzi wa Klebsiella waliokusanywa hospitalini kwa muda wa muongo mmoja, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta koo nyingi mno, wala si mmoja. Hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza mengi: mara nyingine ni bakteria mmoja anayesafiri na plasmidi yake, na mara nyingine koo mbalimbali, zisizohusiana, hujikuta zote na moto uleule. Anayemfuatilia bakteria peke yake hataona mchezo mzima.

Kisha kuna kisa cha NDM, ambacho kina uchungu wake kwa wanaisimu. NDM ni kimeng’enya kinachovunja hata zile antibiotiki ambazo hospitali huziweka akiba ya mwisho. Jeni yake ilielezwa mwaka 2009, ikiwa imepatikana kwa mgonjwa mmoja wa Uswidi aliyekuwa amelazwa India, na herufi mbili za kwanza za jina hilo zikawa New Delhi. Serikali na madaktari wa India walikasirika, na walikuwa na haki. Hakuna mji unaopenda kuwa jina la balaa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba Klebsiella wenye jeni hiyohiyo walikuwa wamepatikana Nairobi, katika sampuli za kati ya 2007 na 2009. Yaani kabla jeni hiyo haijapewa jina la mji wa Asia, ilikwisha kufika mji wa Afrika Mashariki. Jina liliwaambia walimwengu watazame upande mmoja ilhali mgeni alikwisha kuketi sebuleni.

Majina hayakosi hatia, basi. Wala misemo ya kampeni haikosi. Kwa miongo kadhaa ujumbe mkuu uliofika Majengo juu ya suala hili umekuwa mmoja: maliza dozi. Ni ujumbe mwema kwa nia. Mwaka 1945, akipokea tuzo ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya dhidi ya kumeza penisilini kidogo kuliko inavyotakiwa. Lakini mwaka 2017 madaktari wa Uingereza, katika jarida la BMJ, walihoji kama kweli kuacha dawa mapema ndiko kunakozaa usugu, wakisema kwamba kwa magonjwa mengi ushahidi ni mdogo na kwamba kutumia dawa kupita muda unaohitajika ndiko kunakowapa bakteria wengine wa mwili nafasi ya kuwa sugu. (Kifua kikuu hakimo katika hoja hiyo, huko dozi humalizwa, hapana mjadala. Na kwa maradhi mengine ni daktari anayeamua muda, si mgonjwa.) Jambo la kutazama hapa ni nani anayelaumiwa katika msemo huo. “Maliza dozi” ni amri kwa nafsi ya pili umoja. Mwenye kosa ni wewe uliyepata nafuu siku ya tatu ukaweka vidonge vilivyobaki kabatini. Hakuna amri ya namna hiyo iliyopata kubandikwa ukutani kwa ajili ya aliyejenga wodi yenye sinki moja kwa vitanda ishirini. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havikuwa na huduma za msingi za usafi wa mikono. Mama wa Majengo aliyemeza kila kidonge kwa saa yake anaweza kujifungua salama, akarudi nyumbani na mtoto aliyebeba plasmidi ya wodi. Msemo wa dozi hauna neno la kumwambia.

Kuna shamba pia, na Nyeri ni nchi ya ng’ombe wa maziwa. Antibiotiki zinazotiwa kwenye kiwele kilichovimba ni ndugu za zile za hospitalini. Mwaka 2015 China ilitangaza jeni iliyo juu ya plasmidi inayoishinda kolistini, dawa ya akiba ya mwisho kabisa, iliyopatikana kwa nguruwe, nyamani na kwa wagonjwa. Plasmidi haiulizi mlango huu ni wa zizi au wa wodi. Lakini hilo ni la makala nyingine.

Katika jarida la namna hii swali la haki ni: wataalamu wa Kiswahili wanahusikaje? Yumkini wapo watakaosema kwamba hawahusiki, kwamba penye upungufu wa maji neno jipya halitekwi kwa ndoo. Hoja hiyo ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Istilahi haijawahi kumtibu mtu. Hata hivyo, maji huja yanapodaiwa, na hakuna anayeweza kudai kitu asichoweza kukisema. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kati ya vifungu hivyo viwili kuna pengo ambalo mwanasheria peke yake hawezi kuliziba. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa dunia walikutana katika Umoja wa Mataifa, New York, wakaahidi kupunguza vifo vinavyotokana nao kwa asilimia 10 kufikia mwaka 2030. Si ahadi ndogo, kwani kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Ila kati ya New York na duka la dawa la Majengo kuna tafsiri isiyofanywa.

Si kweli kwamba lugha haiwezi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003, msingi upo. UKIMWI, neno lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno yanayoeleza ugonjwa wenyewe, limeingia kila kijiji, na lilipokwisha kuingia, fasihi ilifuata: riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka 2004, haikuhitaji kumfafanulia msomaji neno hilo. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Kiswahili kilikwenda pwani, kikachukua barakoa, vazi la uso la wanawake wa Oman na Zanzibar, kikalivisha taifa zima katika wiki chache. Hapakuwa na semina ya siku tatu hotelini. Palikuwa na hofu, na hofu ikafanya kazi ya kamati. Tatizo la usugu ni kwamba haliogopeshi kwa kishindo. Mtoto aliyefariki kwa Klebsiella huandikiwa nimonia au homa, na msibani husemwa kwamba mwili haukukubali dawa.

Kama istilahi itatafutwa, basi itafutwe kwa uangalifu, na kiima kirudishwe mahali pake. “Usugu wa bakteria kwa dawa” ni bora kuliko “usugu wa dawa”, ingawa ni refu. Urefu si dhambi pale ufupi unapodanganya. Kwa njia ya pili ya jeni, lugha ina tayari maneno wima na mlalo, yanayojulikana na kila ajazaye fumbo la maneno gazetini. Urithi wa wima ni wa mzazi na mtoto. Uhamisho wa mlalo ni wa jirani na jirani. Wapo watakaoona “mlalo” kuwa neno la fumbo la gazeti lisilofaa sayansi. Waachwe walete bora. Lakini kwenye mazungumzo ya zahanati, ambako hakuna anayehitaji istilahi, kauli ya kuombana moto inatosha kabisa, na kila bibi wa Majengo ataikamilisha kabla haijaisha.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa maktabani pekee. Vyuo vikuu vya Kenya vina idara za Kiswahili na vina shule za tiba, aghalabu katika jiji moja, mara nyingine katika uwanja mmoja, na ni nadra mwanafunzi wa upande mmoja kuvuka lawama ya nyasi kwenda upande wa pili. Tasnifu za Uzamili juu ya mtindo na maudhui ni nyingi, nazo zina thamani yake. Tasnifu moja ingeweza kukaa miezi sita Majengo ya Nyeri, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi katikati ya nchi ya Wakikuyu, ikisikiliza tu jinsi watu wanavyosema juu ya dawa: nani huwa kiima, kitenzi gani hutumika, lini dawa “hukataa” na lini mwili “hugoma”. Mwanafasihi angepata humo sitiari za kumtosha maisha. Mwuguzi angepata kitu kingine, yaani lugha ambayo mgonjwa wake anaielewa.

Na mgonjwa angepata swali. Mama aliyelala wodini na kichanga kifuani, akijua kwamba kinachotembea kutoka kitanda hadi kitanda si bahati mbaya wala mwili mkaidi, akijua kwamba kinapita mikononi na kwamba kaa moja linatosha kuwasha jiko la pili, ana jambo la kuuliza pale mhudumu anapokaribia kitanda chake akitokea cha jirani. Ni swali la heshima, halina istilahi hata moja, na kwa Kiswahili cha Majengo lina maneno matatu tu: “Umenawa mikono, sista?”